Risiti Moja, Bahasha Saba

Kettu Lake, Michigan
30 Novemba 2003

Marit, mpwa wangu,

Kaa chini kwanza, maana ukiisoma habari hii umesimama utaanguka. Mjomba wako amenunua Krismasi nzima bila kutoa senti.

Ijumaa, siku iliyofuata Sikukuu ya Shukrani, kabla hata nyama ya bata mzinga haijateremka tumboni, nilikuwa mlangoni kwa duka kubwa kule Marquette. Baridi? Usiniulize baridi. Nilitema mate yakalia kwenye lami kama sarafu. Watu walikuwa mia tatu, wengine wamejifunga mablanketi. Mlango ulipofunguliwa jimama moja likanipiga kiwiko cha mbavu, nikamwambia, "Mama, mimi nimekaa chini ya ardhi miaka ishirini na mbili nikichimba chuma, kiwiko chako ni papaso tu." Likacheka mpaka likanipisha.

Vitu saba, Marit. Simu ya vitufe vikubwa, radio ya sauna, lile bafu letu la kuni na mvuke, mtambo wa kahawa, keekee ya umeme ya kutobolea mbao, santuri tupu mia moja za kompyuta, mashine ya kuchapisha karatasi na programu ya kodi. Kompyuta sina, najua, usianze. Siri ni hii: kila kimoja kina fomu. Unaijaza, unakata kwenye boksi kile kibandiko cha mistari myeusi, unatia risiti, unatuma kwa posta, na kampuni inakurudishia bei yote kwa hundi. Yote! Watu wavivu hawatumi. Mimi si mvivu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wangu ulizoea kuinama tangu nina miaka kumi na saba.

Sasa hili ni la mimi na wewe. Pesa nilizotumia ni zile za mama yako, za kwenye kopo la kahawa juu ya jokofu, anazowekea kifaa cha sikio. Dola mia tatu sitini na mbili. Usikunje uso! Fundi wa masikio anakuja ukumbi wa kanisa tarehe sita Machi, na akipita amepita mpaka Septemba. Hundi huchukua wiki nane mpaka kumi. Kopo litakuwa limejaa tena, dada hatajua lilitikiswa, na nyote mtakuwa na zawadi.

Shuleni niliishia darasa la nane, lakini hesabu hiyo hata profesa haipingi.

Mjomba wako,
Reino

*

Mankato, Minnesota
8 Desemba 2003

Shikamoo Mjomba,

Nimekaa chini kama ulivyosema, na sijainuka bado.

Mjomba, rudisha vile vitu dukani. Leo, ukiweza. Usikate boksi hata moja, maana boksi likishakatwa duka halipokei tena. Hizo fomu zina masharti madogo kama mavi ya nzi, na kila sharti limewekwa mtu ajikwae. Kati ya wanaotuma, wengi hurudishiwa karatasi ya "samahani". Huku ofisini kwetu, kwenye bima, tunasikia mengi ya namna hiyo.

Septemba ni mbali kwa mtu asiyesikia. Jumapili iliyopita nilimpigia Mama, nikamwambia nimepata homa. Akanijibu, "Vizuri sana, mwanangu."

Tafadhali, rudisha.

Marit

*

Kettu Lake
15 Desemba 2003

Mpwa wangu mwoga,

Umechelewa. Maboksi nilishayakata siku ileile, na bahasha zilitoka tarehe sita.

Tena kulikuwa na mtego, nikauruka. Yule dada wa kaunta aliniuliza, "Nikupe risiti saba mbalimbali, au moja?" Nikamwambia, "Moja! Mwanamume halipi kidogokidogo kama anayenunua pipi." Watu nyuma yangu wakapiga makofi. Kufika nyumbani nasoma fomu: kila bahasha inataka risiti halisi, si fotokopi. Bahasha saba, risiti moja. Mwingine angelia. Mimi nikachukua mkasi wa mama yako wa kukatia vitambaa, nikaikata ile risiti vipande saba, kila bidhaa na mstari wake, kila kipande kwenye bahasha yake. Fomu imesema risiti halisi, haikusema nzima!

Nikamwambia Toivo wa gereji, "Suleimani alitaka kumkata mtoto, mimi nimekata risiti." Toivo akanitazama tu. Ana wivu tangu utoto.

Zote zimekwenda anwani moja: Sanduku la Posta 8814, Dunmore, Minnesota. Si karibu na kwenu hapo? Siku ukipita, angalia kama hao jamaa wana sura ya kulipa.

Na homa yako imepoa?

Reino

*

Mankato
5 Januari 2004

Mama mpendwa,

Barua hii usimwonyeshe Mjomba. Ina mambo mawili, na yote mawili yananichoma.

La kwanza: zile pesa zako za kifaa cha sikio, Mjomba alizichukua akanunulia vitu vya marejesho. Hakuiba, Mama. Aliamini zitarudi kabla ya Machi.

La pili: sifanyi kazi ya bima. Sijawahi. Nafanya kazi Dunmore, kwenye jengo lisilo na kibao, ambako bahasha za Sanduku 8814 na masanduku mengine thelathini humwagwa mezani. Mimi ni karani namba 27. Nina mihuri miwili, KUBALI na KATAA, na mmoja kati ya hiyo umechakaa zaidi. Sikuwaambia kwa sababu namjua Mjomba. Tangu mgodi ulipofungwa na yule mtu wa dirisha la malipo akamwambia kiinua mgongo chake hakipo, amekuwa akisema hakuna kiumbe duni kama mtu anayekaa nyuma ya meza akisema hapana.

Ijumaa nilifungua bahasha, kikadondoka kipande cha karatasi chembamba kama uzi wa tambi. "Keekee ya umeme." Hakina jina la duka, hakina tarehe. Nikaujua mwandiko kabla ya kusoma jina. Zilikuwa saba, zimefungwa pamoja. Bwana Stenerud, msimamizi, alikuwa nyuma yangu na kikombe chake. Akacheka, akasema, "Huyu naye katoka porini gani? Gonga."

Nikagonga, Mama. Mara saba.

Nifanye nini?

Marit

*

Kettu Lake
11 Januari 2004

Marit,

Kopo nilijua siku ileile, nilipolisogeza kufuta vumbi. Mimi ni kiziwi, si kipofu.

Nimenyamaza kwa makusudi. Miaka minne sasa mjomba wako huamka saa nne asubuhi, akanywa kahawa, akatazama theluji. Tangu zile bahasha zitoke huamka na jogoo, ananyoa, anakwenda kumngoja mleta barua kwenye kisanduku cha njiani. Mtu akiwa na cha kungoja usimnyang'anye.

Lakini sikio nalitaka. Nisikufiche. Kanisani nachezesha midomo tu, sijui wamefika ubeti wa ngapi. Krismasi uliyopiga simu mwaka juzi nilicheka kwa sababu Reino alicheka. Sitaki kucheka kwa kufuata tena.

Kwa hiyo hilo la kwanza nimelijua, na la pili ni lako. Mwambie mwenyewe. Mwanamke aliyegonga muhuri mara saba anaweza kuandika barua moja.

Vaa soksi mbilimbili.

Mama

*

Kettu Lake
19 Januari 2004

Marit,

VITA!

Wamenijibu. Karatasi saba, zote zinafanana kama mayai: "Tunasikitika, risiti yako imeharibika." Imeharibika! Niliikata kwa mkasi, mistari imenyooka kama reli. Iliyoharibika ni akili yao.

Nilipiga ile namba ya simu iliyo chini. Nikangoja muziki unapigwa mpaka kahawa ikaota ukungu. Akaja binti, nikamwambia, "Mwanangu, nifanyeje ili nilipwe?" Akasema, "Sina ruhusa ya kueleza zaidi ya yaliyoandikwa." Nikamuuliza, "Mama yako anajua unafanya kazi gani?" Akakata.

Toivo na wenzake pale kwenye duka la kahawa sasa wananiita Mheshimiwa Vipande. Toivo anasema, "Reino, hiyo sauna yako itapashwa moto mwaka mzima kwa fomu." Wacheke. Mwaka wa theluji kubwa tuliingia kanisani kwa dirisha la kengele, na walisema tutakufa, na hatukufa.

Naona pembeni ya kila karatasi wamechapa: "Imeshughulikiwa na karani 27." Saba zote, mtu mmoja! Basi nimeapa. Theluji ikipungua nawasha gari, naendesha mpaka Dunmore, nakaa mbele ya Sanduku 8814 na chupa ya kahawa mpaka huyo 27 atokee. Sitampiga. Nitamtazama tu usoni, nimwambie, "Dada yangu hasikii kwa sababu yako." Halafu aende nyumbani akalale nalo.

Unaishi karibu. Nitalala kwako.

Reino

*

Mankato
24 Januari 2004

Mjomba,

Usiwashe gari. Huyo 27 unamjua. Ulimfundisha kuendesha baiskeli kwenye barafu.

Ni mimi.

Hakuna bima, hakukuwa na bima hata siku moja. Nilikudanganya kwa sababu nilijua utanionaje. Na zile karatasi zako nilizigonga kwa mkono wangu, nikijua ni za nani na ni za nini. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, lakini mkono ulikuwa wangu. Hilo la kunitazama usoni, unaweza kunitazama siku yoyote.

Lakini kabla hujanichukia, soma hapa chini, maana siku zinakwisha.

Nyuma ya fomu, mstari wa mwisho kabisa, kuna maneno ambayo hakuna anayeyasoma: aliyekataliwa ana siku thelathini kutuma tena, akiwa na nakala ya risiti iliyochapwa upya na duka na kugongwa muhuri wa meneja. Duka linaweza kuzichapa; mauzo yote yamo kwenye mashine yao. Omba saba, kila moja nzima, yenye jina la duka na tarehe. Watakuambia haiwezekani. Inawezekana. Sisi makarani tumekatazwa kulitaja hili, kwa simu au kwa barua, anayelitaja anafukuzwa. Yule binti wa simu hakuwa mbaya, Mjomba. Aliogopa, kama mimi.

Ukiniuliza kama usumbufu huu unalipa, nitasema haulipi. Wanaotengeneza fomu wameshapiga hesabu kwamba utachoka. Wanakuuzia uchovu wako mwenyewe. Mtu asiye na mkasi, muda na ukaidi, bora anunue kitu kwa bei yake akalale. Lakini wewe umeshanunua, maboksi yameshakatwa, na sikio ni la Mama. Kwa hiyo usichoke.

Na hundi zikija, zitakuja kama kadi nyembamba za matangazo. Mwambie Mama asiwashie sauna.

Naandika jina langu na namba yangu, ili wakitaka kujua nani kasema, wajue.

Marit Saarela, 27

*

Kettu Lake
2 Februari 2004

27,

Barua yako niliisoma nikaiweka mezani, nikatoka kwenda kuondoa theluji mlangoni kwa jirani nisiyempenda. Nilipomaliza kwake nikaenda kwa jirani yake. Jioni mtaa mzima ulikuwa umebaki saruji tupu, na mimi bado nina hasira.

Hasira si ya muhuri. Mtu aliye na bwana nyuma yake hugonga. Mimi pia nimewahi kushusha watu shimoni nikijua nguzo zimeoza, kwa sababu msimamizi alinyoosha kidole. Hasira ni ya bima. Ulidhani mjomba wako hana kifua cha kubeba ukweli?

Basi, yamekwisha. Sasa sikiliza vita.

Nilikwenda Marquette peke yangu, tufani ikivuma, sioni hata pua ya gari. Nikaingia dukani, nikaita kwa sauti, "Meneja!" Likatoka jitu la futi saba, shingo kama pipa. Likasema haiwezekani. Nikapiga kaunta kwa ngumi moja, kalamu zikaruka. Nikasema, "Bwana, mashine yako inakumbuka, na mimi nakumbuka, wewe tu ndiye uliyesahau!" Duka zima likasimama, watu mia tatu, wakashangilia. Lile jitu likachapa risiti saba mbiombio, likagonga muhuri. Nimezituma leo kwa rejista.

Halafu Jumapili baada ya ibada niliteremka chini ya kanisa, kwenye kahawa na mikate ya iliki, nikapanda kiti. Nikasema, "Nani mwingine humu ameandikiwa samahani?" Marit, mikono iliyoinuka! Mjane wa Kangas, mchungaji mwenyewe, hata Toivo! Toivo alikuwa ameficha fomu nne kwenye droo ya spana tangu katikati ya Januari, aibu tupu. Nikawasomea mstari wako wa mwisho. Jina lako sikulitaja. Nilisema nimeota.

Zinakuja kwako. Andaa ule muhuri usiochakaa.

Mjomba

*

Mankato
21 Februari 2004

Mjomba,

Zilifika. Bahasha thelathini na tisa kwa siku moja, zote zina muhuri wa posta wa Kettu Lake, mji ambao Bwana Stenerud hakuupata kwenye ramani. Zote na nakala zilizogongwa, zote halali. Moja ilinukia mafuta ya gari.

Za kwako nilimpa karani 31, ili mtu asiseme ndugu kampendelea ndugu. Alikagua kila moja mara mbili, akagonga KUBALI mara saba. Nilikuwa nahesabu kwa masikio.

Bwana Stenerud akatusimamisha mstari. "Nani ameuambia huo mji?" Binti wa simu alikuwa anatazama viatu vyake, ana mtoto mchanga. Nikasema, "Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu imeandikwa kwenye fomu, bwana. Niliwasomea tu."

"Unajua masharti ya kazi?"

"Nayajua. Hayo ndiyo niliyosoma kwanza, kwa sababu ya maandishi yake madogo."

Watu wakacheka, na kucheka kule ndiko kulikonifukuzisha zaidi, nadhani, kuliko zile bahasha. Nilipewa dakika kumi. Nimepata kazi kwenye duka la mikate, naanza saa kumi na moja alfajiri, na kila anayekuja dirishani namwambia ndiyo.

Usinionee huruma. Tarehe sita Machi, uwe pale.

Marit

*

Kettu Lake
9 Machi 2004

Marit, mwanangu,

Hundi sita zilifika tarehe tatu, kadi nyembamba kama ulivyosema. Ya saba ilifika tarehe tano mchana. Nilikuwa nimeshaiuza ile mashine ya kuchapisha kwa mchungaji nikidhani ya saba haitafika. Sasa ana mashine, hana kompyuta, tumwombee.

Tarehe sita tulikuwa wa kwanza ukumbini. Fundi ni kijana mwembamba mwenye vidole vya baridi. Akamtia dada kile kifaa, akazungusha kitu kidogo, akamwuliza taratibu, "Mama Lempi, unanisikia?" Dada akasema, "Kwa nini unanipigia kelele?" Halafu akageuza kichwa. Bomba la joto lilikuwa linagonga ukutani. Akalisikiliza hilo bomba kama watu wanavyosikiliza kwaya. Mimi nikatoka nje kidogo kuangalia gari, halikuwa na tatizo lolote.

Jana tukaenda duka la kahawa. Nikaanza kuwasimulia habari ya Marquette, maana Toivo hachoki kuisikia. Nimefika kwenye jitu la futi saba, nikasikia nyuma yangu, "Reino." Nikaendelea. Nikafika kwenye watu mia tatu. "Reino! Mbona mimi ndiye niliyekuendesha siku ile? Na jua lilikuwa linawaka."

Duka zima likageuka. Miaka minne nimesema nipendavyo mbele ya dada yangu, Marit. Miaka minne! Imekwisha.

Basi wewe nikupe ilivyokuwa, kabla hajakupa yeye. Meneja alikuwa binti wa rika lako, ana mafua, hafiki begani kwangu. Nilisimama kaunta kwa muda wa saa tatu na nusu, kofia mkononi. Sikupiga ngumi chochote. Sauti ilinitoka nyembamba kama siku ile kwenye dirisha la kiinua mgongo. Mara tatu aliniambia niende nyumbani, na mara ya kwanza nilishavaa kofia. Ila mama yako alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, hakusikia neno hata moja. Akatoa sindano zake akaanza kufuma, ametulia kama mtu aliyeahidiwa. Nikashindwa kupita mbele ya kiti kile. Nikaivua kofia nikarudi kaunta. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya nne yule binti akapenga kamasi, akasema, "Haya, mzee, nipe tarehe ya manunuzi."

Mtu akikuuliza kama zile fomu zina thamani ya usumbufu wake, mwambie hapana, asinunue, ni mtego. Na kama ameshanunua, mwambie asiondoke kaunta.

Niliogopa, Marit, lakini sikuondoka. Hilo sikulitia chumvi. Piga simu umwulize mama yako. Ataipokea mwenyewe.

Mjomba wako,
Reino